Ajali chini ya mgodi wa makaa ya mawe: namna ya kuizuia ajali ya pili

Tarehe 2 Januari 2006 mlipuko ulitokea katika mgodi wa makaa ya mawe wa Sago, jimbo la West Virginia nchini Marekani. Wachimbaji 13 walikwama ndani. Mlipuko wenyewe ulimuua mmoja. Wengine 11 waliuawa na hewa yenye sumu iliyobaki baada ya mlipuko, wakiwa wamejikinga nyuma ya turubai wakisubiri kuokolewa. Aliyetolewa hai ni mmoja tu, zaidi ya saa 40 baadaye.

Hesabu hiyo ya 1 na 11 ndiyo iliyonisukuma kuandika mwongozo huu, kwa sababu inajirudia. Kule Soma, Uturuki, Mei 2014, walikufa watu 301, na wengi wao walivuta kaboni monoksidi. Katika mgodi wa Benxihu, China, Aprili 1942, walikufa 1,549, na uchunguzi uliofanywa baada ya vita uligundua kwamba wengi hawakuuawa na moto: mitambo ya kupitisha hewa ilizimwa na mdomo wa shimo ukazibwa watu wakiwa bado ndani.

Mimi huita hiyo ajali ya pili. Ni gesi inayofuata mlipuko, ni jiwe la pili linaloanguka baada ya la kwanza, ni mwenzako anayekimbilia kumwinua aliyeanguka naye akaanguka juu yake. Ajali ya kwanza huenda usiwe na uwezo nayo. Ya pili, mara nyingi unao. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa fikra hiyo.

Hatua ya 1: Kabla ya kushuka

Tundika kibao chako cha namba mahali pake, na ukitoka kiondoe. Ukienda nyumbani kibao chako kikiwa bado kinaonyesha uko chini, siku ya ajali waokoaji watakutafuta ndani ya moshi wewe uliye kitandani.

Jipekue mifuko. Sigara, kiberiti na simu isiyothibitishwa kwa matumizi ya mgodini zibaki juu. Cheche ndogo ya betri inatosha kuwasha gesi.

Kisha shika kikebe chako cha kujiokoa, kifaa cha kupumulia hewa ikichafuka, kile kinachovaliwa kiunoni, ukikague kila zamu bila kuruka hata siku moja: lakiri haijakatika, ganda halijabonyea, kiashirio cha unyevu au joto hakijabadilika rangi, tarehe haijapita. Pia ujue ni cha aina gani. Kuna kinachochuja kaboni monoksidi tu. Hicho hakitengenezi oksijeni, na mahali ambapo oksijeni imekwisha hakikusaidii kitu. Kuna kingine kinachobeba au kutengeneza oksijeni yake chenyewe. Nimekutana na watu waliovaa kikebe miaka mingi bila kujua tofauti hiyo.

La mwisho kabla ya kazi: tembea njia zote mbili za kutokea kwa miguu yako mwenyewe. Ramani ukutani haitoshi. Mguu unakumbuka mteremko, mlango na kona ambavyo jicho halitaviona siku ya moshi.

Hatua ya 2: Zijue gesi kwa tabia zake

Methani hutoka ndani ya makaa yenyewe. Ni nyepesi kuliko hewa, hivyo hupanda na kutanda chini ya paa, hasa kwenye mashimo ya paa na pembe ambazo hewa haipiti vizuri. Ikichanganyika na hewa kwa kiwango cha kati ya 5% na 15% inalipuka, na mlipuko mkali kuliko wote hutokea karibu na 9.5%. Wengine hudhani ikizidi 15% mambo yametulia. Sivyo. Hewa safi ikiingia tu, mchanganyiko unashuka na kupita tena katikati ya eneo la mlipuko. Pima juu, karibu na paa, siyo usawa wa kifua. Kwa mfano wa kanuni, sheria za Marekani zinataka umeme wa mashine uzimwe methani ikifika 1% mahali pa kazi, na watu watolewe ikifika 1.5%. Tazama nafasi iliyopo kati ya 1.5 na 5: imeachwa makusudi, ili mtu apate muda wa kutembea. Msimamizi anayekwambia "bado iko chini ya tano, endelea" anakunyang'anya muda huo.

Kaboni monoksidi haina rangi, harufu wala ladha. Huzaliwa palipo na moto, mlipuko au makaa yanayojichoma polepole yenyewe. Hujishika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mtu anakosa hewa huku anapumua. Kichwa kuuma, kichefuchefu, miguu kulegea, akili kuchelewa: mkiwa wawili na wote mnaumwa kichwa kwa wakati mmoja, msitafute sababu nyingine. Kwenye kiwango cha sehemu 1,200 kwa milioni, hapo ni hatari ya maisha ya papo hapo. Hata hivyo, kinachopaswa kukushtua mapema ni kiwango kinachopanda kidogokidogo siku hadi siku. Hiyo ndiyo dalili ya makaa yanayojipasha moto mahali usipopaona, mara nyingi pamoja na harufu inayofanana na mafuta ya taa na jasho kwenye kuta.

Kaboni dioksidi ni nzito, hukaa sakafuni na kwenye mabonde ya njia za zamani, na inaposhuka nawe ukashuka kuokota kitu, oksijeni inaweza isikutoshe. Hewa ya kawaida ina oksijeni 20.9%, ikipungua chini ya 19.5% ondoka. Salfidi ya hidrojeni hunuka mayai viza, lakini ikizidi pua inakufa ganzi na harufu inatoweka. Harufu ikipotea ghafla usishukuru.

Zamani wachimbaji walishuka na ndege wadogo, kanari, kwa kuwa ndege huzidiwa na kaboni monoksidi kabla ya mtu. Uingereza waliachana nao mwaka 1986 tu, vipima vya umeme vilipochukua nafasi. Ndege alikuwa na sifa moja ambayo kipima hakina: akianguka, hakuna aliyembishia. Kipima kikilia, kipe heshima ileile.

Hatua ya 3: Gonga paa kabla hujasimama chini yake

Chukua mtaimbo. Simama chini ya paa lililokwisha wekwa bolti (vyuma vya kulishikiza) au matimba (nguzo za mbao za kulibeba), hakikisha nyuma yako hakuna kitu cha kukukwaza, kisha gonga mbele yako. Jiwe lililoshikamana hulia kwa sauti kali, kama chuma. Jiwe lililoachana hulia kama ngoma, na ukiweka kiganja cha mkono mwingine utahisi linatetema. Hilo liangushwe au lishikizwe kabla ya kitu kingine chochote. Unapoliangusha, mtaimbo uwe wa mshazari na mwili wako uwe pembeni, maana jiwe linaweza kuteleza likafuata chuma hadi mikononi mwako.

Usiingie hata hatua moja chini ya paa lisiloshikizwa. Hata kufuata koleo, hata kwa sekunde tatu.

Dalili za paa linalotaka kushuka: matimba yanalia na kupasuka nyuzi, vipande vidogo vinadondoka kama mvua ya changarawe, sakafu inavimba, kuta zinamenyeka. Kuna adui mmoja asiyetoa dalili: shina la mti wa kale lililogeuka jiwe ndani ya paa. Kutoka chini linaonekana kama duara, limezungukwa na utepe mwembamba wa makaa. Utepe huo hauna nguvu, na shina zima, lenye uzito wa mamia ya kilo, huchomoka bila onyo. Ukiona duara, weka alama na mwite msimamizi wa zamu.

Nguzo za makaa zinazoachwa kubeba mlima nazo zina kikomo. Tarehe 21 Januari 1960, katika mgodi wa Coalbrook, Afrika Kusini, nguzo ziliporomoka moja baada ya nyingine, watu 435 wakafukiwa. Mkikuta nguzo inapunguzwa ili kupata makaa zaidi kuliko mpango ulivyosema, hilo ni jambo la kusimamisha kazi.

Hatua ya 4: Vumbi

Tabaka la vumbi la makaa lenye unene wa karatasi tu linatosha kuubeba moto wa mlipuko mdogo wa methani kutoka chumba kimoja hadi mgodi mzima. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Courrières, Ufaransa, tarehe 10 Machi 1906: watu 1,099 walikufa. Dawa yake ni rahisi: kunyunyiza maji mahali pa kukata makaa, na kumwaga unga wa mawe ya chokaa juu ya sakafu, kuta na paa, ili vumbi likiinuka lisishike moto. Kanuni ya Marekani ni kwamba angalau 80% ya vumbi lililotanda iwe ni kitu kisichoungua. Ukitembea kwenye njia ukaiona nyeusi badala ya kijivujivu cheupe, uliza chokaa iko wapi.

Hatua ya 5: Mashine na umeme

Hapa nitapita haraka, kwa sababu kanuni ni chache. Usisimame kati ya mashine na ukuta, hata kama dereva anakuona. Mkanda unaobeba makaa usiguswe wala kusafishwa ukiwa unatembea. Mahali unapokutana na roda hummeza mtu kuanzia kwenye mkono wa shati. Kabla ya kutengeneza chochote, zima, funga swichi kwa kufuli lako mwenyewe na utembee na ufunguo mfukoni. Waya mrefu wa mashine uliochubuka usifungwe kwa utepe ukaendelea kutumika.

Hatua ya 6: Sekunde za mwanzo baada ya kishindo, moshi au king'ora

Vaa kikebe kwanza. Usisubiri kunusa kitu, wala usianze kutembea ukidhani utakivaa mbele. Utaratibu ni huu:

1. Piga magoti, vua kofia, iweke chini mbele yako taa ikimulika kikebe.
2. Fungua kikebe, amsha oksijeni kama maelekezo ya aina yako yanavyosema.
3. Tia kipande cha mdomoni, midomo ikikizunguka kabisa.
4. Bana pua kwa kibanio.
5. Baada ya hayo ndipo uvae miwani, ukaze mikanda, urudishe kofia.

Namba 2 hadi 4 za orodha hii ndizo zinazookoa maisha, na zifanyike kabla ya kushughulikia mikanda. Hewa ya kikebe itakuwa ya moto na kavu, na kupumua kutakuwa kuzito. Hiyo ni dalili kwamba kinafanya kazi. Wengi hukitoa mdomoni wakidhani kimeharibika, na wengine hukitoa ili waseme neno moja na mwenzao. Kubalianeni mapema ishara za mikono. Mate yameze.

Dakika zilizoandikwa kwenye kikebe ni za mwendo wa kawaida. Ukikimbia unazila haraka, na ukikaa kimya zinarefuka. Mazoezi yafanyike gizani, mkiwa mmepiga magoti, siyo kwenye viti vya ofisini mwanga ukiwa mwingi.

Kisha tokeni pamoja, mmeshikana kwa kamba au bega kwa bega, kwa njia inayoingiza hewa safi, isipokuwa moto uko upande huo. Shika kamba ya kuokolea iliyofungwa ukutani. Koni zilizo juu yake zimewekwa ili mkono uteleze kwa ulaini ukielekea nje. Koni zikikukwaza, geuka, unarudi ndani. Mlango wa hewa ukiukuta umefungwa, ukishapita uufunge tena, maana kuuacha wazi kunaweza kuvutia moshi kwa wenzako.

Kama ni maji yaliyopasuka kutoka mgodi wa zamani, kimbilieni juu mara moja. Mgodini Quecreek, Pennsylvania, Julai 2002, ramani ya mgodi jirani uliotelekezwa haikuwa sahihi, maji yakaingia. Watu 9 walikimbilia sehemu ya juu, waokoaji wakatoboa tundu na kuwapulizia hewa ya moto yenye shinikizo, na wote 9 walitolewa hai baada ya zaidi ya siku tatu.

Hatua ya 7: Njia zote zikiwa zimezibwa

Kujifungia ndani ni chaguo la mwisho, baada ya kujaribu kutoka. Kama kuna chumba cha kukimbilia, ingieni huko; vile vya Marekani vinatakiwa kuwa na hewa ya saa 96. Kama hakuna, tafuteni mahali pasipo na moshi, zibeni kwa turubai, mbao na udongo, pakeni kila upenyo. Acheni alama nje kuonyesha mko ndani. Lala chini, usitembeetembee, washeni taa moja tu kwa zamu.

Kwa wachimbaji wa Marekani ishara iliyokubaliwa ni hii: ukisikia milio mitatu ya baruti kutoka juu, gonga bolti ya paa kwa nguvu mara 10, pumzika dakika 15, gonga tena. Milio mitano ikisikika, maana yake wamejua ulipo. Mgodi wako una ishara gani? Iulize leo, uiandike ndani ya kofia.

Hatua ya 8: Mwenzako ameanguka mbele yako

Hapa ndipo mapenzi yanapoua. Simama. Kama ameanguka bila kuguswa na kitu, chukulia kuwa ni gesi mpaka kipima kikuambie vinginevyo. Vaa kikebe, toa taarifa, pima ukisogea. Tazama paa, tazama umeme. Huko Crandall Canyon, Utah, Agosti 2007, watu 6 walifukiwa. Siku kumi baadaye kuta zililipuka tena kwa shinikizo la mlima, na waokoaji 3 wakafa. Hawakuwa wazembe. Mlima tu ulikuwa haujamaliza.

Ukishamfikia, fuata uzito wa hatari:

*Damu inayomwagika.* Kandamiza kidonda kwa nguvu kwa kitambaa. Kama ni mkono au mguu na damu haisimami, funga mkanda wa kubana damu sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, siyo juu ya kiungo, kaza mpaka damu ikome, andika saa. Usiulegeze njiani.

*Hapumui.* Kama hewa ni salama, bonyeza katikati ya kifua sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika; kila mibonyezo 30 mpe pumzi 2. Aliyepigwa na umeme usimguse kabla umeme haujazimwa.

*Amekandamizwa na jiwe.* Kama jiwe linamzuia kupumua, au limemlalia kwa muda mfupi, litoe mara moja, baada ya kuweka matimba ili lisiporomoke jingine. Kama mguu umekandamizwa kwa saa nyingi, jambo ni gumu zaidi: misuli iliyokufa imejaa potasiamu, na jiwe likiondolewa sumu hiyo hukimbilia moyoni. Mtu anakuwa anaongea, anatabasamu kwa kuachiliwa, kisha moyo unasimama. Mganga akiwa karibu, aanze kumpa maji ya mshipani kabla jiwe halijainuliwa. Hata akionekana mzima baadaye, apelekwe hospitali, kwa sababu figo ziko hatarini.

*Kuungua.* Maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi. Usitumbue malengelenge. Sauti ikikwaruza, masizi yakionekana puani au nywele za pua zikiwa zimeungua, koo linaweza kuvimba na kuziba baada ya saa chache. Huyo awe wa kwanza kupandishwa juu ingawa anatembea mwenyewe.

*Mgongo.* Asiinuliwe kwa mikono na miguu. Watu wanne, kichwa kikishikwa sawa na mwili, mzungusheni kama gogo juu ya machela ngumu. Ila palipo na gesi au paa linalodondoka, mburute kwanza. Uti wa mgongo una maana kwa aliye hai.

*Gesi.* Mtoe kwenye hewa safi, alale, asitembee, apewe oksijeni kamili kwa barakoa. Oksijeni safi hupunguza nusu ya sumu iliyo kwenye damu kwa muda wa saa moja hadi moja na nusu hivi, wakati kwa hewa ya kawaida huchukua saa nne au tano. Kipimo kile cha kidoleni kitaonyesha oksijeni iko sawa hata kama mtu anakufa, kwa sababu hakitofautishi oksijeni na kaboni monoksidi. Mwambieni daktari kwa maneno wazi: alikuwa ndani ya moshi wa mgodi, kwa muda huu.

Hatua ya 9: Siku na wiki zinazofuata

Hesabuni watu kwa vibao, jina kwa jina, kabla mtu hajaondoka. Msiguse mahali pa ajali zaidi ya kilichohitajika kuokoa mtu, na kila aliyekuwepo aandike alichokiona siku hiyohiyo, kila mmoja peke yake.

Aliyevuta kaboni monoksidi anaweza kutoka hospitali akiwa anacheka, kisha baada ya siku kadhaa au hata wiki chache akaanza kusahau, kukasirika bila sababu, kutetemeka au kupepesuka. Watu wa nyumbani hudhani ni huzuni, au ni ulevi. Mwiteni mkewe au nduguye kabla hajaruhusiwa, mmweleze dalili hizo moja moja, na mmpe karatasi yenye tarehe ya ajali ili airudishe kwa daktari zikijitokeza.